KADI YA VOI: KANUNI ZA MCHEZO UITWAO "POKA" NA LUGHA YA KUZIELEZA

1. Utangulizi

Mtu asubiriye gari pale Voi, liwe la kupanda milimani kwenda Wundanyi au la kushika njia ya Mwatate hadi Taveta, hana budi kuwa na subira, kwani gari haliondoki mpaka lijae. Katika muda huo wa kungoja si ajabu kuona watu watatu au wanne wamekizunguka kisanduku kilichopinduliwa, karata mikononi, na mmoja wao akatamka ghafula: "Niko kadi!" Ukiwauliza wanacheza mchezo gani, mmoja atajibu "kadi" na mwenziwe atajibu "poka". Wote wawili wamesema kweli kwa mujibu wa lugha yao. Lakini yule aliyewahi kusoma habari za poka vitabuni atashangaa, kwa sababu hapo hapana fedha iliyowekwa, hapana dau linalopandishwa, wala hapana mchezaji anayejitahidi kuuficha uso wake.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza kanuni za msingi za mchezo huu kwa Kiswahili, ili asiyeujua aweze kuketi na kuucheza bila ya kuaibika. La pili ni kuonyesha kwamba tofauti iliyopo baina ya mchezo huu na ile poka iliyouazima jina si tofauti ya karata tu, bali ni tofauti ya matumizi ya lugha. Poka ya kamari humtuza anyamazaye. Poka ya Voi humwadhibu anyamazaye. Mtafiti wa lugha asiyelitambua jambo hilo ataandika fasili isiyo sahihi katika kamusi yake, na fasili hiyo inaweza kumdhuru msomaji, kama tutakavyoona mwishoni.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba Kadi haichezwi Voi peke yake. Huchezwa Kenya nzima, mijini na mashambani, na kaida zake hutofautiana kutoka mtaa hadi mtaa. Hapa tumeshika kaida moja iliyo ya kawaida, na mahali ambapo wachezaji huhitilafiana tutapataja.

2. Mahali na maneno

Tumeichagua Voi kwa sababu ni njia panda, na njia panda ni mahali pema pa kuyachunguzia maneno. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilipita hapa. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia tawi lingine lilianza kujengwa mwaka 1915 kutoka Voi kuelekea Taveta, kwa ajili ya majeshi yaliyokabiliana na Wajerumani. Barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita hapa, na mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate yaliwavuta wafanyakazi wa makabila mengi. Mdawida, Msaghala na Mtaveta, kila mmoja ana lugha yake nyumbani. Lakini wanapokutana na Mkamba, Mluo au Mmijikenda kwenye kisanduku cha karata, lugha iwaunganishayo ni Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Kadi ni lugha ya kazi: lazima kieleweke na wote, tena upesi.

Maneno ya karata katika Kiswahili yana matabaka mawili. Tabaka la kale ni la Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaijenga Ngome ya Yesu Mombasa katika miaka ya 1593 hadi 1596, na wakaipoteza ngome hiyo mwaka 1698. Waliondoka, lakini walituachia meza, leso, gereza na bendera. Wakatuachia pia karata na majina ya aina zake nne, yaani kopa, uru, pau na shupaza, pamoja na neno turufu. Hapa pana jambo la kupendeza. Karata ya kopa ina picha ya moyo, lakini neno la Kireno lililoizaa, copas, maana yake ni vikombe. Uru latokana na neno la dhahabu, pau na neno la magongo, na shupaza na neno la panga. Sababu yake ni kwamba karata za kale za Ureno zilikuwa na picha za vikombe, sarafu za dhahabu, magongo na panga. Baadaye picha zilibadilika zikawa za namna ya Kifaransa, lakini majina hayakubadilika. Basi Mswahili aitazamaye picha ya moyo na kuiita kopa amehifadhi kumbukumbu ya karata ambazo yeye mwenyewe hajapata kuziona.

Tabaka la pili ni la Kiingereza, nalo ndilo lenye nguvu bara. Humo mna kadi, poka, joka, jeki, kwini na kingi. Kule pwani karata zenye picha za watu ziliitwa wazungu wa karata. Kijana wa Voi wa leo hasemi hivyo. Hata neno pau huachwa, na wengi husema maua kwa kuitazama picha tu. Jambo hili si upotovu wa lugha. Ni njia ya kawaida ya mnenaji ambaye jina la zamani halimwelezi kitu, naye akatafuta jina litokanalo na kile akionacho. Katika makala haya tutatumia kopa, uru, pau na shupaza, kwa kuwa ni maneno yetu ya siku nyingi, na karata za picha tutazitaja kwa herufi zilizochapwa juu yake: J, Q, K na A.

3. Jina bila ya mchezo

Poka yenyewe, ile ya Wamarekani, ni jamii ya michezo iliyokua Marekani katika karne ya 19. Aina yake ijulikanayo zaidi siku hizi ni Texas Hold'em, ambayo mashindano yake makubwa yalianza Las Vegas mwaka 1970. Kanuni zake kwa ufupi ni hizi. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo wengine hawazioni. Kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote: kwanza tatu, halafu moja, halafu moja tena. Kila mmoja huunda mkono ulio bora wa karata tano kutokana na hizo saba. Daraja za mikono hupanda kutoka jozi moja, jozi mbili, tatu za namba moja, tano zinazofuatana, tano za aina moja, tatu pamoja na jozi, nne za namba moja, hadi tano za aina moja zinazofuatana. Katikati ya hatua hizo wachezaji huweka dau mara nne. Mtu aweza kushinda kwa mkono bora, au aweza kushinda kwa mkono duni kabisa iwapo wengine wote wataogopa dau lake na kujitoa.

Sasa tuilinganishe na Kadi. Katika poka mchezaji hutafuta kukusanya. Katika Kadi hutafuta kumaliza. Katika poka karata hupata maana kwa kuungana na nyingine mkononi. Katika Kadi hupata maana kwa kufuata ile iliyotangulia mezani. Katika poka dau ndilo roho ya mchezo. Kadi huchezwa bila ya dau, na aliyeshindwa hupoteza nafasi yake ya kukaa tu, akampisha mwingine.

Ni dhahiri basi kwamba jina limesafiri na mchezo umebaki nyuma. Kwa nasaba, Kadi ni ya ukoo mwingine kabisa: ni ndugu wa mchezo wa Marekani uitwao Crazy Eights, wa ule wa Ujerumani uitwao Mau-Mau, wa Whot ichezwayo Nigeria, wa Matatu ipendwayo sana Uganda, na wa UNO iliyobuniwa Marekani mwaka 1971. Katika michezo hiyo yote mchezaji huifuata karata iliyo mezani kwa aina au kwa namba, na anayezimaliza zake kwanza ndiye mshindi. Msomaji Mkenya atatabasamu kuona kwamba Wajerumani wameuita mchezo wao Mau-Mau na Waganda wameuita wao Matatu. Majina mawili yenye historia nzito kwetu, yakiitwa michezo ya kupoteza wakati. Majina ya michezo hayana adabu ya kubaki mahali pamoja.

4. Vifaa na kugawa

Kadi huchezwa kwa jozi moja kamili ya karata: karata 52 za kawaida pamoja na majoka mawili, jumla 54. Wachezaji huwa wawili au zaidi. Watatu au wanne ndio idadi ifaayo. Mmoja huzichanga karata, mwenziwe huzikata, kisha aliyezichanga humgawia kila mtu karata nne. Wengine hugawa tatu. Zilizobaki huwekwa kifudifudi katikati. Hili ndilo fungu la kuokota. Karata ya juu ya fungu hufunuliwa na kuwekwa kando yake. Hilo ndilo rundo la mchezo. Ikiwa karata iliyofunuliwa ni miongoni mwa zile zenye nguvu ya pekee, hurudishwa ndani ya fungu na kufunuliwa nyingine, kwa maana mchezo hauanzi kwa adhabu wala kwa swali.

Kwa wachezaji watatu, karata 12 zitakuwa mikononi, moja itakuwa mezani, na 41 zitabaki za kuokota. Fungu likiisha, karata za rundo huchangwa upya na kurudishwa, isipokuwa ile ya juu.

5. Kanuni za msingi

5.1 Kufuata. Mwenye zamu huweka karata iliyo sawa na ile ya juu kwa aina au kwa namba. Juu ya 6 ya pau yafaa pau yoyote, au 6 yoyote. Asiyekuwa nayo huokota karata moja, na zamu yake imekwisha. Mwenye karata mbili au zaidi za namba moja aweza kuziweka zote kwa mara moja. Ile ya mwisho kuwekwa ndiyo itakayofuatwa.

5.2 Karata za majibu. Namba 4, 5, 6, 7, 9 na 10 hazina nguvu ya pekee. Kazi yake ni kufuata na kujibu. Ziko 24 kati ya karata 54, na umuhimu wake utaonekana punde, kwani ndizo pekee zinazoweza kumalizia mchezo.

5.3 Karata za adhabu. Ukiweka 2, anayekufuata ataokota karata mbili. Ukiweka 3 ataokota tatu. Ukiweka joka ataokota tano. Neno joka limetoka katika Kiingereza, lakini Mswahili alisikiapo hukumbuka nyoka mkubwa, na kwa hakika hakuna karata iumayo kama hiyo. Aliyeadhibiwa ana njia mbili za kujiokoa. Aweza kuweka karata yake ya adhabu juu ya ile aliyowekewa, na hapo adhabu humhamia wa mbele yake. Au aweza kuikinga kwa A. Akikosa yote mawili huokota, na zamu yake hupita. Katika jambo hili ndipo wachezaji huhitilafiana zaidi: wako wasemao kwamba adhabu hujumlishwa, na wako wasemao kwamba ile ya mwisho tu ndiyo ihesabiwayo, wako wanaomruhusu A kulikinga joka, na wako wanaokataa. Mgeni na aulize kabla karata hazijagawiwa.

5.4 Karata za maswali. Hizi ni 8 na Q. Anayeweka swali hulijibu mwenyewe, papo hapo, kwa karata ya jibu iliyo ya aina ile ile. Akiweka Q ya pau, lazima aiongeze na pau nyingine, kwa mfano 7. Asipokuwa na jibu huokota karata moja. Maswali yanaweza kufuatana, Q juu ya Q au 8 juu ya Q ya aina moja, lakini mwisho wake lazima uwe jibu.

5.5 J na K. J humruka anayefuata, akapoteza zamu yake. K hugeuza mwelekeo: mchezo uliokuwa ukienda kulia sasa utakwenda kushoto.

5.6 A. Hii ndiyo karata yenye madaraka makubwa. Huwekwa juu ya karata yoyote. Ikiwa hakuna adhabu, aliyeiweka huitisha aina aitakayo, akasema kwa mfano, "Naitisha kopa," na anayefuata hana hiari ila kuleta kopa au A yake. Ikiwekwa kukinga adhabu, kazi yake huishia hapo. Haiitishi kitu, na mchezo huendelea kwa aina ya A hiyo.

5.7 Kumaliza. Mshindi ni anayezimaliza karata zake zote, kwa sharti mbili. Kwanza, karata yake ya mwisho lazima iwe ya jibu. Mtu hamalizi kwa A, wala kwa J, wala kwa K, wala kwa adhabu. Wala hamalizi kwa swali lisilojibiwa. Pili, katika zamu iliyotangulia ile ya kumalizia lazima awe ametangaza mbele ya wote: "Niko kadi." Asiyetangaza, hata akiwa na karata nzuri namna gani, hatahesabiwa kuwa ameshinda.

6. Mfano

Kanuni hueleweka kwa mfano. Tuwachukue wachezaji watatu, tuwaite Mwakio, Wakesho na Mghoi, nao wacheze kwa mpango huo. Mezani pana 6 ya pau. Mwakio ana 2 ya pau, 9 ya uru, 6 ya shupaza na K ya shupaza. Wakesho ana A ya uru, 10 ya uru, Q ya pau na 7 ya pau. Mghoi ana 3 ya uru, 5 ya shupaza, 8 ya shupaza na J ya kopa.

Mwakio anaanza kwa 2 ya pau. Wakesho ametakiwa kuokota mbili, lakini anaikinga adhabu kwa A ya uru. Mghoi anafuata uru kwa 3, na adhabu inamwangukia Mwakio. Mwakio hana adhabu wala A. Anaokota karata tatu, nazo ni 9 ya pau, 5 ya kopa na J ya uru. Zamu ya Wakesho inapofika anaweka 10 ya uru na kusema, "Niko kadi." Mkononi amebakiwa na Q ya pau na 7 ya pau. Mghoi hana uru wala 10, anaokota moja.

Sasa ni zamu ya Mwakio. Anaiona 9 ya uru na 9 ya pau mkononi mwake, na kwa kuwa ameelemewa na karata anafurahi kuweka mbili kwa pamoja: 9 ya uru, kisha 9 ya pau juu yake. Wakesho anaweka Q ya pau, anaijibu kwa 7 ya pau, na mchezo umekwisha.

Kosa la Mwakio ni gani? Alikuwa na J ya uru. Angaliiweka hiyo juu ya 10 ya uru angalimruka Wakesho, na Mghoi angalipata nafasi ya kuugeuza mchezo. Badala yake aliufungua mlango wa pau kwa mkono wake. Masikio yake yaliyasikia maneno "niko kadi", lakini hakuyachukua kuwa ni habari ya kufanyiwa kazi.

7. Maana ya "niko kadi"

Tuyatazame maneno hayo kwa jicho la kiisimu. Kwanza, umbo lake. Katika Kiswahili sanifu "niko" hutangulia mahali, kama vile "niko Voi", au hali, kama vile "niko macho" na "niko tayari". "Kadi" ni nomino ya kitu, si ya mahali wala ya hali. Mwalimu mkali angesahihisha: "nina kadi" au "nimebakiwa na kadi". Lakini masahihisho hayo yangeyaharibu maana, kwa sababu kila mchezaji ana kadi mkononi. Mchezaji anaposema "niko kadi" hasemi anamiliki nini. Anasema amefikia wapi. Neno kadi limehamishwa kutoka kundi la vitu na kuingizwa kundi la hali, likakaa pamoja na "tayari" na "macho".

Pili, maana yake. Wengi wasiocheza hudhani kwamba "niko kadi" maana yake ni "nimebakiwa na karata moja". Mfano wetu unaonyesha kwamba sivyo. Wakesho alikuwa na karata mbili, naye alisema kweli. Mtu aweza kuwa na tano zote za 5 na 6 zilizopangika kwa namna ambayo hazimalizi kwa mara moja, asiwe kadi. Na mwingine akawa na 7 tatu, akawa kadi. Aweza pia mtu kubakiwa na karata moja tu, nayo ni K, asiweze kusema neno hilo. Kwa hiyo fasili iliyo sahihi ni hii: "kuwa kadi ni kuwa katika hali ya kuweza kumaliza karata zote kwa zamu inayofuata". Maana hiyo haimo katika neno kadi, haimo katika niko, wala haipatikani kwa kuyajumlisha.

Tatu, kazi yake. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1962, alionyesha kwamba yako maneno ambayo kuyatamka ni kutenda, kama vile kuapa, kuahidi au kufungisha ndoa. "Niko kadi" ni ya jamii hiyo. Haielezi tu hali ya mkono; humpa msemaji haki ya kushinda, haki ambayo karata peke yake hazimpi. Wakati huo huo huwapa wapinzani wake haki ya kuonywa. Na hapa tunarudi kwenye hoja yetu ya awali. Katika poka ya kamari mtu mwenye mkono mzuri huuficha, na asiye na mkono mzuri hujifanya kuwa nao. Katika Kadi mtu anayekaribia kushinda analazimishwa kuitangaza hatari yake mwenyewe, naye asiposema amepoteza. Ni mchezo ulioweka ukweli wa maneno kuwa sharti la ushindi.

8. Hitimisho

Wako wasemao kwamba mambo kama haya hayaistahili kalamu ya msomi. Sisi hatukubaliani nao, kwa sababu tatu.

Kwanza, wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza kanuni za michezo ya kigeni bila ya kuchukua Kiingereza kizima kizima. Bao lilikwisha kuujibu udhaifu wa dai hilo zamani: kete, nyumba, kimbi, namua, mtaji na takata ni istilahi timamu zilizotungwa na wachezaji, si na kamati. Kadi inalijibu kwa mara ya pili. Adhabu, swali, jibu, kukinga, kuruka, kuitisha: maneno haya ya kawaida yametosha kueleza mchezo mzima katika kurasa hizi chache, na joka na kadi tulizoazima hazikutuzuia.

Pili, kanuni za Kadi hazifundishwi kwa maandishi. Mgeni hufundishwa kwa kukemewa: huweka karata, huambiwa "hapana", akaokota. Kijana aliyelelewa mjini huvumilia. Lakini mtoto ashukaye kutoka Sagalla au Kasigau mara yake ya kwanza huweza kudhani kwamba anaonewa, na mara nyingine anaonewa kweli, kwa kuwa kaida hubuniwa papo hapo. Kanuni zilizoandikwa humlinda mnyonge. Hiyo ni kazi ya lugha ya maandishi mahali popote, kwenye katiba na kwenye karata.

Tatu, nalo ni kubwa zaidi, neno poka sasa lina maana mbili katika Kenya moja. Mzazi au mwalimu alisikiapo hufikiri juu ya kamari, na mtoto huweza kuadhibiwa kwa mchezo usio na hata senti moja ndani yake. Kinyume chake ni cha hatari zaidi. Kijana aliyekua akiwashinda wenziwe "poka" kituoni, akaalikwa siku moja kwenye meza ya dau huko Mombasa au Nairobi, aweza kukubali kwa moyo mweupe kwa kuwa mchezo huo anaujua. Atakapogundua kwamba haujui, fedha zake zitakuwa zimekwisha kwenda. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Lakini mtunga kamusi kazi yake ni kuwaambia hasa hao wasiojua.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kamusi zetu zizitenganishe maana hizo mbili waziwazi chini ya kidahizo poka, ya kwanza ikiwa mchezo wa dau wa Kimarekani, na ya pili ikiwa jina lingine la Kadi ya Kenya. Na kwamba chini ya kidahizo kadi paongezwe msemo "kuwa kadi" pamoja na fasili yake kamili. Wanafunzi wetu wa isimu watokao Taita Taveta wapewe kazi ya kukusanya kaida za Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, na kuzilinganisha. Hawatahitaji chombo chochote ila jozi moja ya karata, masikio mazuri, na saa moja ya kungojea gari lijae.